Jicho halilii linapoungua: Hatari ya leza za mkononi kandokando ya Ziwa

Ukikaa Dunga giza likishaingia, utaona taa za wavuvi wa omena zikiwaka moja baada ya nyingine, mpaka ziwa lionekane kama mtaa mwingine wa Kisumu uliojengwa juu ya maji. Jumamosi moja nilikuwa pale na mbogi yangu. Samaki tulikuwa tumemaliza, tunangoja tu upepo upoze mwili ndipo turudi town. Kijana mmoja aliyeketi meza ya pili akatoa kitu kinachofanana na tochi nyembamba, akabonyeza. Mstari wa kijani ukatoka, ukavuka maji, ukaenda kutua kwenye mashua moja kule mbali. Wenzake wakashangilia. Akapiga mawingu. Akapiga ukuta. Mwishowe akampiga rafiki yake kifuani, mzaha tu, na rafiki akainua mkono kuficha uso huku akicheka.

Nilimwuliza aliinunua wapi.

"Town, kwa hawker. Haifiki thao mbili, buda."

Na nguvu yake? Akaigeuza, akasoma kibandiko kwa mwanga wa simu: chini ya miliwati 5. Kisha akaniambia, tena kwa fahari, kwamba leza hiyo huwasha kiberiti.

Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Leza ya miliwati 5 haiwashi kiberiti hata ukiishikilia usiku kucha. Kama njiti iliwaka, basi kibandiko kilidanganya. Na kama kibandiko kilidanganya, kijana yule alikuwa ameshika mkononi kitu kinachoweza kumtoboa rafiki yake jicho katika muda mfupi kuliko kupepesa kope, na hakuna mtu pale mezani aliyekuwa na habari.

Hili ndilo tatizo la leza za mkononi zinazozagaa mijini mwetu. Kisu ukikiona unajua ni kisu. Moto ukikaribia unahisi joto. Lakini leza haionyeshi nguvu yake kwa macho, na jicho halipigi kelele linapoungua. Onyo pekee unaloweza kulipata ni lile unalolipata kabla ya kubonyeza, na ndilo ambalo muuzaji hakupi.

Namba za kibandiko zina maana gani?

Duniani leza hupangwa kwa madaraja, kwa kufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60825-1. Daraja la 1 halina madhara katika matumizi ya kawaida. Printa ya leza ya ofisini ni mfano, kwa kuwa mwale wake umefungiwa ndani. Daraja la 2 ni mwanga unaoonekana usiozidi miliwati 1. Hapo jicho hujilinda lenyewe: mwanga ukiingia ghafla, unapepesa au unageuza uso ndani ya takriban robo ya sekunde, na robo hiyo haitoshi kukuumiza.

Daraja la 3R hufika miliwati 5. Lina hatari, ila si kubwa sana kama mwale umepita tu. Daraja la 3B huanzia hapo hadi miliwati 500, na hilo linaweza kuunguza jicho kabla hujapepesa. Daraja la 4 ni chochote kinachozidi miliwati 500, yaani nusu wati. Leza ya daraja la 4 huunguza jicho, ngozi na karatasi. Ukiwa karibu, hata ile doa yake ukutani si kitu cha kukodolea macho.

Sasa piga hesabu. Leza inayotangazwa mtandaoni kuwa ya miliwati 1,000 ina nguvu mara 200 ya ile ya miliwati 5. Kwa umbo zinaweza kufanana kabisa: bomba jeusi, kitufe kimoja, betri ya kuchaji, pengine na kifunguo kidogo nyuma ili ionekane kama kifaa cha maana.

Unaweza kusema basi nitasoma kibandiko, niepuke zile kubwa. Mwaka 2013 wataalamu wa NIST, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo, walitoa matokeo baada ya kupima leza 122 za mkononi. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani na asilimia 44 za nyekundu hazikutimiza kanuni za usalama za nchi hiyo. Hiyo ni Marekani, penye sheria, maabara na wakaguzi. Kibandiko cha leza iliyotoka kwenye kikapu cha hawker Oginga Odinga Street kinastahili kuaminiwa zaidi kwa lipi?

Leza za kijani za bei ya chini zina ujanja mwingine. Nyingi hazitengenezi kijani moja kwa moja. Ndani yake kuna mwanga wa infraredi, ule ambao jicho halioni, unaopitishwa kwenye fuwele mbili ndipo ugeuke kijani. Leza iliyotengenezwa vizuri huwekewa kichujio cha kuzuia infraredi isitoke nje. Ile ya bei ya kutupa mara nyingi haina. Mwaka 2010 NIST walieleza kuhusu leza moja ya kijani waliyoiona hafifu, kumbe ilikuwa ikimwaga takriban miliwati 20 za infraredi. Mtu angeitazama akidhani haina nguvu, na kwa kuwa haing'ai, hata kope zake zisingestuka.

Kinachotokea ndani ya jicho

Sehemu ya mbele ya jicho kazi yake ni kukusanya mwanga. Konea na lenzi hushika mwanga unaoingia na kuuelekeza kwenye nukta moja nyuma, kwenye retina, ile ngozi laini inayopokea picha. Mwanga wa balbu hutoka pande zote, kwa hiyo unaofika kwako ni kidogo. Mwale wa leza husafiri umenyooka, hivyo wote huingia kwenye mboni na kubanwa kuwa nukta ndogo kupindukia. Kubanwa huko huongeza ukali wake hadi karibu mara 100,000 ukilinganisha na ulivyokuwa juu ya konea.

Kama ulicheza na kioo cha kukuza vitu ulipokuwa primary, unajua tunazungumzia nini. Jua lile lile lisilokuunguza mkononi hutoboa karatasi ukilibana kwa lenzi. Ndani ya jicho lenzi unayo tayari, na karatasi ni retina.

Katikati ya retina kuna sehemu ndogo unayotumia kusoma, kutambua nyuso na kuona namba ya matatu ikiwa bado mbali. Chochote unachokitazama moja kwa moja, picha yake hutua hapo. Kwa hiyo mtu anayeitazama leza kwa udadisi huielekeza mwenyewe kwenye sehemu asiyoweza kuimudu kuipoteza. Chembe za hapo zikishaungua hazioti tena, na miwani haisaidii, maana miwani hurekebisha lenzi, hairudishi retina iliyokufa.

Retina haina neva za maumivu. Konea ikiguswa na unywele tu unaruka, lakini retina inaweza kutobolewa usihisi kitu. Mtu huona mwako, kisha doa, kisha anajiambia litapita. Kwa leza ya wati moja, kiwango salama hupitwa kabla hata ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kuisha. Robo ya sekunde ya kupepesa hapo ni kama kufunga mlango mwizi akiwa ameshafika Kondele.

Usiku mambo huwa mabaya zaidi. Gizani mboni hufunguka hadi milimita 7 hivi, ili ipokee mwanga mwingi iwezekanavyo. Na leza huchezewa saa ngapi? Usiku, kwa sababu mchana haina show.

Rangi nayo hudanganya. Jicho la binadamu huona kijani zaidi ya mara 20 kuliko bluu ya leza, hata kama nguvu ni sawa. Ndiyo maana leza ya bluu ya wati moja inaweza kuonekana ya kawaida tu kando ya ya kijani iliyo dhaifu kuliko yenyewe. Anayechagua kwa kutazama ipi inang'aa anaweza kuchagua ile hatari zaidi akidhani amepata ile laini.

Haya yamewapata watu

Mwaka 2010 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa cha mvulana wa miaka 15 kutoka Uswisi. Alikuwa ameagiza leza kupitia intaneti, akitaka kupasua baluni kwa mbali na kutoboa viatu vya dada yake. Siku moja akafanya "laser show" yake mbele ya kioo, na mwale ukamrudia machoni mara kadhaa. Leza ilipopimwa ilikuwa na miliwati 150. Alikaa bila kusema kitu akitumaini mambo yatajirekebisha, akaenda hospitali baadaye. Hakuna aliyemshambulia wala hakuwa mtundu wa kupindukia. Alisahau tu kwamba kioo hurudisha.

Mwaka 2018 jarida hilo hilo likaeleza kisa cha mvulana wa miaka 9 nchini Ugiriki. Baba yake alimnunulia leza ya kijani kutoka kwa mchuuzi wa barabarani. Mtoto akawa anaitazama mara kwa mara. Madaktari walikuta tundu katikati ya retina ya jicho lake la kushoto, na mwaka mmoja na nusu baadaye jicho hilo lilikuwa bado halijarudi. Baba alikuwa amenunua zawadi tu, kama mzazi yeyote anayepita Kibuye siku ya Jumapili na kuona kitu kitakachomfurahisha mtoto.

Cha karibu zaidi na sisi, kwa kuwa ndugu zetu wengi wanafanya kazi Ghuba, ni ripoti iliyotoka hospitali ya macho ya King Khaled mjini Riyadh, Saudi Arabia. Madaktari wa hapo walieleza visa 14 vya watu walioumizwa na leza za mkononi za bluu zenye nguvu ya miliwati 1,000, mwale ukiwa umewapata kwa kitambo kifupi tu. Wanne walipata tundu kamili katikati ya retina. Wengine walivuja damu ndani ya jicho.

Na kwa wapenda raha: Julai 2008, kwenye tamasha la muziki lililofanyika Kirzhach, mashariki mwa Moscow, mvua ilinyesha na waandaaji wakatandaza mahema. Leza zilizokusudiwa kuelekezwa angani zikaishia kwa umati. Kwa mujibu wa ripoti za wakati huo, watu karibu 30 walipoteza sehemu ya uwezo wao wa kuona. Kwa hiyo si leza ya mkononi pekee. Ukiwa kwenye event na mwale wa jukwaani unashuka usawa wa nyuso za watu, usiinue simu kurekodi. Geuka, kisha sema na mwandalizi. Leza hiyo hiyo huweza kuharibu hata kamera ya simu yako.

Ziwani, barabarani na angani

Turudi Dunga. Yule mvuvi aliyeangaziwa kule mbali huenda retina yake haikuungua, kwa sababu mwale hutanuka kadiri unavyosafiri. Kwa kawaida hufikia upana wa takriban mita moja kwa kila kilomita. Leza halisi ya miliwati 5 huacha kuwa hatari ya kuunguza baada ya mita 16 hivi. Ile ya wati moja huendelea kuwa hatari hadi zaidi ya mita 220, ambao ni urefu wa viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa.

Lakini kutoungua hakumaanishi uko salama. Macho ya mvuvi yamezoea giza. Yakipigwa na mwanga huo hubaki na doa linaloelea mbele yake kwa muda. Wakati huo yuko kwenye mashua ya mbao, wavu umo majini, wenzake wamesimama, na pengine kiboko yuko karibu. Unaweza kuwa umemzamisha mtu hujawahi kumwona uso. Hesabu ni ile ile kwa mwenye boda anayeshuka kutoka Kondele usiku na abiria wawili, au dereva wa matatu kwenye barabara ya Busia.

Kisha kuna ndege. Uwanja wa kimataifa wa Kisumu uko ukingoni mwa ziwa, jirani na Usoma. Ndege za jioni kutoka Nairobi hushuka hapo zikiwa na watu wetu. Hata leza halali ya miliwati 5 inaweza kumkatiza rubani fikira kutoka zaidi ya kilomita 3, na kumng'arisha macho ikiwa mita 300 hivi. Kioo cha mbele cha ndege nacho hutawanya mwanga, hivyo nukta unayoiona wewe kwake huwa ni ukuta wa kijani. Wakati huo anatafuta taa za njia ya kutua. Marekani peke yake marubani waliripoti zaidi ya visa 13,000 vya kuangaziwa leza mwaka 2023. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lina mwongozo mzima kuhusu jambo hili. Na hapa Kenya, kama penginepo, kuhatarisha ndege iliyo safarini ni jinai. "Nilikuwa nacheza" si utetezi utakaokufikisha mbali mbele ya hakimu.

Wapenda soka watakumbuka usiku wa Machi 29, 2022, pale Diamniadio, Senegal, Mohamed Salah akiwa amesimama kupiga penalti na uso wake wote ukiwa kijani. Alikosa, Misri ikatoka, Senegal ikaenda Kombe la Dunia. Baadaye FIFA ikatoza shirikisho la Senegal faini ya faranga 175,000 za Uswisi kwa makosa ya usiku ule, leza zikiwemo. Tulicheka sana na memes. Lakini mamilioni ya vijana walijifunza usiku ule kwamba kumwelekezea mtu leza usoni ni sehemu ya ushabiki. K'Ogalo wakicheza Mamboleo au Moi Stadium, somo hilo lisifike jukwaani.

Mafundi nao wajihadhari

Kuna leza nyingine ambayo si ya kuchezea, ni ya kazi, na hiyo ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Mafundi wa jua kali wanajua uchungu wa kuchomelea chuma bila kioo. Usiku macho huwasha kana kwamba yametiwa mchanga, machozi yanatiririka, na mtaani utaambiwa utie maziwa au uweke kipande cha kiazi. Mara nyingi maumivu hayo hupungua baada ya siku moja au mbili, kwa sababu kilichoungua ni ngozi ya juu ya konea, ambayo hujirudisha. Fundi amejifunza kwamba jicho huumia kisha hupona.

Sasa mashine za kuchomelea kwa leza za mkononi zinatangazwa mtandaoni kwa mafundi wa Kenya. Ni nzuri kweli: hushona stainless kwa haraka, bila kovu kubwa. Nyingi zina nguvu ya wati 1,000 hadi 2,000. Sikusema miliwati. Mwale wake ni infraredi, hauonekani kabisa, na ukigonga bati linalong'aa hurukia upande mwingine. Kwa hiyo hatari haimhusu fundi peke yake. Kuna kijana wa mkono anayeshikilia bomba, mteja aliyekuja kuchukua geti, mama anayepita na maji. Kile kioo cheusi cha kuchomelea kwa umeme hakikutengenezwa kuzuia mwale huo. Inahitajika miwani maalumu ya leza kwa kila aliyemo, na pazia au chumba kinachofungwa. Banda lililo wazi kando ya barabara halifai.

Fundi akiitumia mashine hii kwa mazoea ya ile ya zamani, atangoja maumivu yamwonye, na maumivu hayatakuja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Ukiajiriwa mahali penye mashine hiyo, kuuliza miwani iko wapi si kiburi. Ni haki yako.

Nani alinde jicho la kijana?

Nchi nyingine zimelichukulia hili kwa njia mbili. Uingereza, kwa sheria ya 2018, ilimlenga anayebonyeza: ukielekezea leza chombo cha usafiri na kumng'arisha anayekiendesha, unaweza kufungwa hadi miaka mitano. Australia, baada ya ndege kuangaziwa Sydney mwaka 2008, iliibana bandari: leza za mkononi zinazozidi miliwati 1 haziingii bila kibali. Uswisi ilienda mbali zaidi mwaka 2019 kwa kuruhusu leza za kuonyeshea za daraja la 1 tu.

Njia ya pili ndiyo inayotufaa zaidi. Kumkamata kijana aliyeangaza ndege ni sawa, lakini wakati huo madhara yameshatokea, na retina ya mwenzake haipewi dhamana. Kitu hiki hakitengenezwi Nyalenda. Kinafika nchini kwenye makasha na vifurushi, kinapita mikononi mwa mwagizaji, wa jumla, kisha hawker ambaye mwenyewe hajui anauza nini. Hawker ni wa mwisho kwenye mnyororo na wa kwanza kukimbizwa na askari wa kaunti. Anayepaswa kuulizwa ni aliyeagiza.

Na silaha za kuuliza tunazo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. KEBS ipo kuhakikisha bidhaa zinatimiza viwango, na ina mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja Kenya. Kibandiko kinachosema 5 wakati kifaa kinatoa 100 au zaidi kimemnyima mnunuzi habari na usalama kwa mpigo mmoja. Kupima nguvu ya leza hakuhitaji miujiza: kuna vipima-nguvu vya mezani vinavyotoa jibu kwa sekunde chache. Sampuli chache tu kutoka maduka ya Kisumu, matokeo yakitangazwa hadharani, zingewafundisha wanunuzi mengi kuliko msako wa siku moja.

Kabla hujabonyeza

Wakati tunangoja hayo, haya yako mikononi mwako.

Kwanza, muuzaji akikuonyesha video ya leza ikipasua baluni au kuwasha kiberiti, hiyo si sifa. Amekwambia kwa kinywa chake kwamba kibandiko cha miliwati 5 ni uongo. Kwa kuonyeshea kitu ubaoni darasani, miliwati 1 inatosha.

Pili, usiielekeze kwenye uso wa mtu au mnyama, gari, mashua wala ndege, hata kama unaamini ni dhaifu. Chunga pia vinavyorudisha mwanga: kioo, dirisha, saa, sufuria, chupa, maji yaliyotulia.

Tatu, kama una leza kubwa kwa kazi halali, tafuta miwani yake. Miwani ya jua haifai kitu. Miwani ya leza huandikwa masafa inayozuia kwa nanomita, pamoja na herufi OD na namba. OD 3 hupitisha sehemu moja ya elfu, OD 4 sehemu moja ya elfu kumi. Kwa hiyo leza ya bluu ya wati moja, ambayo ni nanomita 450 hivi, inahitaji miwani inayotaja masafa hayo yenye OD isiyopungua 3, na 4 ni bora. Miwani ya bluu na kijani haizuii infraredi. Na ukipewa miwani ya bure ndani ya boksi, isiyo na maandishi hayo, ihesabu kama pambo.

Nne, usimwachie mtoto. Ukitaka kuachana nayo, toa betri kwanza, uiharibu, usimpe mdogo wako.

Tano, ikikupata, usisugue jicho wala usitie maziwa. Funika jicho moja, tazama karatasi ya graph kwa jicho la pili, kisha badilisha. Ukiona mistari imepinda, imekatika, au kuna doa linaloganda katikati, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakuna uchungu. Anza na kitengo cha macho pale Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee wanaiita Russia, au Sabatia kule Vihiga ukiwa upande huo. Sema wazi ni leza, ilikuwa ya rangi gani, na ubebe kifaa chenyewe kikiwa kimetolewa betri. Damu iliyovuja inaweza kunyonywa, tundu jingine linaweza kufanyiwa upasuaji, lakini daktari anahitaji kuliona mapema. Aibu isikuchelewesha kama ilivyomchelewesha yule mvulana wa Uswisi.

Usiku ule Dunga nilimweleza kijana kuhusu kiberiti na kibandiko. Alinyamaza kidogo, akaitazama ile leza mkononi.

"Kwa hivyo hawa jamaa waliniuzia nini?"

Sikuwa na jibu, na yeye pia hana njia ya kulipata akiwa amekaa pale mezani. Alitoa betri, akaitia mfukoni. Rafiki yake, yule aliyekuwa ameinua mkono kuficha uso, akaacha kucheka. Alifunika jicho moja, akatazama taa za omena, kisha akafunika la pili, akazitazama tena.